Kisasi Kila Baada ya Saa Sita

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, watu wanne walikaa sebuleni kwangu kunihukumu. Mimi nilikaa mbele yao nimekumbatia mto tumboni, nikisubiri mmoja wao akimbilie chooni.

Atakayekimbia, huyo ndiye mwizi wangu.

Mtego niliutega kwa mikono yangu hii hii. Na nilikuwa na hakika utamnasa nani: wifi yangu.

Mwenzenu hata chai ilinishinda kunywa, kwa raha niliyokuwa nayo.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana kisa bila chanzo ni umbea tu.

Mimi ni mwokaji. Kazini wananiita Mama Tanuri. Miaka kumi na minne mikate mia sita kwa siku imepita mikononi mwangu, na hakuna mtu aliyegusa moto wa tanuri lile bila kuniuliza.

Na niseme ukweli kabla hamjaanza kunipenda. Mimi ni mtu wa kinyongo. Ukinikanyaga leo, baada ya miaka kumi nitakukumbusha hadi rangi ya kiatu ulichovaa.

Basi mwaka jana kizazi changu kikaniasi. Damu ya siku tano ikawa ya siku kumi na tano. Nikawa nakanda unga huku nimejifunga kama mtoto mchanga, na bado nikiinuka kwenye kiti nakiangalia kwanza.

Daktari akapima. Uvimbe saba, mmoja mkubwa kama ngumi ya mwanamume. Akasema dawa ni kukiondoa kizazi chote.

Watoto wangu wawili wameshakua, wanajitegemea. Nikasema toa, kimenitesa vya kutosha.

Wodini ndipo nilipokutana na adui yangu wa kwanza.

Alikuwa muuguzi mfupi, mnene, saa kaibandika kifuani kama nishani. Wagonjwa wote tulimwita Sista Saa, maana yule mama alikuwa haendi na jua, anaenda na mshale.

Asubuhi ya upasuaji alinijia na vidonge kabla hata sijapelekwa.

"Sista, mimi siumwi bado."

"Ndiyo maana nakupa sasa. Meza."

Nikameza. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa nilijiandaa kupiga mayowe, nikashangaa. Tumbo lilikuwa zito, kama mtu kanikalia, lakini halikuchoma. Kumbe daktari alikipiga kidonda ganzi pembeni kabla ya kukishona.

Sasa ganzi ilipoanza kuondoka, weee!

"Sista! Nichome ile sindano kali! Ile ya kulala!"

Alikuja bila haraka. "Namba ngapi? Sifuri huumwi, kumi unaliona kaburi."

"Kumi!"

"Aliye kwenye kumi hana pumzi ya kunipigia kelele hivyo. Namba?"

Nikamtazama kwa chuki. "Sita."

"Haya. Na saa yako ya vidonge imefika."

Akanipa parasetamoli mbili na kidonge kimoja cha kupunguza uvimbe.

Jamani, nilijiona nimetukanwa. "Nimekatwa tumbo, wewe unanipa dawa ya mafua?"

Akavuta kiti akakaa. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona amekaa. "Sikiliza. Hivi ukivimeza pamoja, kwa saa yake, bila kuruka, vinabeba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani. Ile kali ipo, na ukiihitaji sitakunyima. Lakini inaleta kichefuchefu, inakulewesha, ukiizoea haikuachi. Na inafunga choo. Mwanamke aliyeshonwa tumbo akifunga choo, ataniomba nimpasue tena."

Nikanuna.

"Kazi yako nini?" akaniuliza.

"Naoka mikate."

"Tanuri lako unaliongezea kuni lini? Likishapoa?"

Hapo alinishika. Kila mwokaji anajua kwamba ukingoja lipoe umeshaharibu, mikate imelala. Kuni unaongeza moto ungali moto.

"Basi na maumivu usiyangoje yapande ndipo uyakimbize," akasema, akainuka.

Kesho yake asubuhi akanishusha kitandani nitembee. Tumbo lina mshono mpya, mimi natembezwa koridoni kama bibi harusi! Akanipa chingamu nitafune ili utumbo uamke. Akanifundisha kukumbatia mto kila nikitaka kukohoa au kucheka. Nikaapa kimoyomoyo kwamba nikipona nitamwokea mkate wa chumvi tupu.

Siku ya tatu namba yangu ilikuwa tatu, na choo nimepata. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa sahihi.

Siku ya kuruhusiwa alinifungia mfuko. Vidonge vya kawaida vya kumeza kwa saa. Kichupa chenye kifuniko chekundu, ndani yake vidonge kumi vikali, jamii ya mofini. Na pakiti ya vidonge vya kulainisha choo, endapo vile vikali vitanifunga.

"Hivi vya kifuniko chekundu ni vya namba ikipita saba na hivi vingine vimeshindwa. Kila unachomeza andika kwenye daftari, saa na namba. Vikibaki unanirudishia, nitavihesabu."

Nikarudi nyumbani.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja kuniuguza. Huyo mama ananiita mwanangu tangu siku ya kwanza, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alinipikia uji, akanisaidia kuoga, akanipaka mafuta miguuni. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa upande upande kwenye kiti, mkono kiunoni, na ukimuuliza anasema ni uzee. Nguo zake alifua peke yake alfajiri, hataki mtu azishike. Nikajua ni heshima za watu wa zamani.

Mume wangu, fundi wa majokofu, alikuwa akirudi kutoka kazini kazi yake moja: kunijazia maji ya moto kwenye mfuko wa mpira niuweke kiunoni.

Halafu wifi.

Wifi yangu anauza kaunta pale pale ninapooka. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, kwa kumbembeleza bosi wiki mbili. Kila mchana akitoka zamu alikuja kunijulia hali, akaketi kitandani kwangu, akafungua droo zangu akitafuta kitana, huku mdomo hauna breki.

Vidonge vikali nilimeza viwili tu, siku mbili za mwanzo nyumbani. Baada ya hapo saa ilinitosha. Parasetamoli saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku, na kile cha uvimbe pamoja na chakula. Kichupa nikakitia droo ya kabati, nikakisahau.

Siku ya kumi na moja nikapiga chafya bila mto.

Nyie! Nilihisi mtu kanichana kwa kisu cha mkate. Nikameza vya kawaida. Saa nzima ikapita, namba bado nane, jasho linanitoka. Nikasema hii sasa ndiyo dharura aliyoisema Sista.

Nikajikokota hadi kabatini. Nikashika kichupa. Chepesi.

Nikafungua. Kitupu.

Vidonge vinane, vyote vimekwenda, na kifuniko kimerudishiwa vizuri kabisa.

Nililia, na si kwa maumivu peke yake. Mtu aliingia chumbani kwangu mara nane, akachukua nafuu yangu kimoja kimoja, akijua kabisa kwamba mimi ndiye niliyeshonwa. Nikauma mto hadi saa ya vidonge ilipofika tena, na kila nilipouma niliapa. Huyu mtu nitampata, na nikimpata atajua.

Kesho yake ilikuwa kliniki. Aliyenisindikiza ni nani? Wifi.

Sista Saa akakagua kidonda, akaniambia kimevutika lakini hakijafunguka. Akanyoosha kiganja. "Vilivyobaki?"

"Havipo."

Akafungua daftari langu, akapitisha kidole kila mstari. "Hapa umeandika viwili. Kumi toa viwili ni sifuri? Hesabu ya wapi hiyo?"

Nikaangalia mlangoni. Wifi alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, masikio yamesimama.

Sista akalifunga daftari. "Siwezi kukuongezea wakati sijui vya kwanza vimeenda wapi. Endelea na vya kawaida. Namba ikipanda tena hivyo, unakuja hapa hapo hapo, hungoji kliniki." Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, "Na nyumba yako iangalie."

Hata jua halijazama, kazini walishajua.

Baada ya siku mbili bosi akanipigia. "Mama Tanuri, nasikia unapambana na vidonge. Pole sana. Lakini mtu wa vidonge siwezi kumweka karibu na moto na mashine. Pumzika. Tanuri nimempa mtu mwingine."

"Nani kakwambia?"

"Ndugu yako mwenyewe, tena kwa uchungu."

Miaka kumi na minne! Shukrani ya punda ni mateke, nilikuwa naisikia tu. Siku hiyo niliyapokea kifuani.

Mume wangu naye akaniketisha chini. "Kama umevizoea, niambie tu. Tutafute msaada."

"Hata wewe?"

"Vidonge vinane, mke wangu. Nani mwingine avimeze?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe cha uji wangu. Alisikia yote. Aligeuka, akarudi nacho jikoni.

Wifi akatangaza kikao cha familia Jumamosi, eti kunisaidia. Baba mdogo wa mume wangu aje asimamie.

Nikasema sawa. Njooni.

Ile pakiti ya kulainisha choo ilikuwa nzima, sikuihitaji hata siku moja. Vidonge vyake vilikuwa vyeupe, vidogo, mviringo, ukivitazama ni pacha na vile vikali. Alhamisi nikahesabu vinane, nikavitia kwenye kichupa cha kifuniko chekundu, nikakirudisha droo ile ile.

Mchana wake, watu wako mezani, nikatangaza. "Sista kanionea huruma. Kaniletea vingine vinane."

Wifi akadondosha kijiko. "Vingine?"

"Viko pale pale," nikasema, nikaendelea kula.

Mume wangu akakunja uso. Mama mkwe akainamia sahani yake.

Ijumaa wifi akaja kulala kwetu ili awahi kikao. Jioni nikahesabu. Sita.

Jumamosi asubuhi, vinne.

Nilicheka hadi nikaukumbatia mto. Vinne! Kwenye tumbo la mtu mwenye afya yake! Nikavaa gauni langu zuri, nikakaa sebuleni kama mgeni rasmi.

Baba mdogo akakohoa. "Tumekutana hapa kwa ajili ya mwenzetu. Nani anaanza?"

Nani tena? Wifi akaanza. Alivyonipenda. Alivyoumia aliposikia kwa masikio yake pale kliniki. Alivyolazimika, kwa uchungu mkubwa, kumweleza bosi. Alilia kidogo, akafuta machozi, akaendelea.

Mimi namwangalia tumbo tu.

Mara akainuka ghafla.

Nikaukaza mto. Haya, kimbia mama! Kimbia!

Hakukimbia. Aliingia chumbani kwangu, akarudi na kichupa, akakitikisa mbele ya watu. "Alhamisi kasema mwenyewe viko vinane. Hesabuni! Vinne! Siku mbili vinne! Mnataka ushahidi gani tena?"

Mume wangu akajishika kichwa.

Mimi nikatabasamu. Saa niliyoingoja ilikuwa imefika.

"Wifi, hivyo unavyotikisa si vikali. Ni vidonge vya kulainisha choo. Nilivibadilisha mwenyewe. Mimi sijameza hata kimoja. Aliyemeza vinne hataweza kumaliza kikao hiki amekaa."

Hakuna aliyeinuka.

Wifi akakitazama kichupa kama kimemng'ata. Baba mdogo akamtazama mume wangu. Mume wangu akamtazama dada yake. Dada yake akanitazama mimi, na tumbo lake, jamani, lilikuwa limetulia tuli.

Hapo nikaanza kuwahesabu upya waliokaa.

Kiti kikakwaruza sakafu.

Mama mkwe aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani. Paji la uso linatiririka jasho. Hakumtazama mtu.

"Nipisheni," akasema.

Akaenda. Akarudi. Kabla hajakaa akaenda tena. Safari ya tatu tukasikia kishindo koridoni.

Nilifika wa kwanza, mshono na yote. Alikuwa ameanguka ubavu, na gauni lake nyuma lilikuwa na damu. Damu ambayo mwanamke wa umri wake hatakiwi kuiona tena. Damu ninayoijua mimi.

Nikapiga magoti. "Mama. Namba ngapi? Sifuri mpaka kumi."

"Mbili, mwanangu."

"Mama!"

Akafumba macho. "Tisa." Machozi yakamtoka. "Mwaka wa tatu huu, tisa."

Kisasi nilichokipika siku tatu kilimwagikia hapo hapo koridoni. Nilikuwa nimemfanyia yeye kile kile nilichofanyiwa mimi. Alifungua kichupa akitafuta nafuu, akakuta hakuna. Vya kwanza havikumsaidia, akaongeza.

Tulimkimbiza hospitali. Wodi ile ile. Na nani yuko zamu? Sista Saa.

Nilimwambia kila kitu nilichofanya, sikuficha hata kidonge kimoja. Sijawahi kutukanwa kwa sauti ndogo namna ile.

"Umempa mtu dawa bila yeye kujua? Mama mzima, anavuja damu, na wewe unamkausha maji? Angekufia mikononi ungemweleza nani kwamba ulikuwa unatega panya?"

"Sista, sikujua ni yeye."

"Ungekuwa unajua ni nani, ingekuwa halali?"

Nikaushika mkono wa mama.

"Na vile vikali vya kwanza uliviacha droo isiyo na ufunguo. Hilo kosa ni letu wawili, sikukusisitizia. Sasa ondoka hapo, nimtundikie maji."

Vipimo vikatoka. Kulikuwa na uvimbe mbaya ndani ya kizazi chake. Daktari akasema haujatembea, unaondoleka, lakini ungepewa mwaka mmoja zaidi angezungumza nasi lugha nyingine.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama mkwe wangu aliumbuliwa na vidonge vya choo, na namshukuru Mungu.

Ila msidhani nilimsahau wifi. Thubutu!

Alinijia analia, kamasi na machozi. "Wifi nisamehe, shetani alinipitia."

"Nimekusamehe. Lakini shetani alipita kaunta ya mikate, na wewe utapita huko huko."

Sista Saa aliniandikia barua kwa bosi. Kwamba mgonjwa huyu katika vidonge vikali kumi ametumia viwili, daftari lake linaonyesha, na hana tatizo lolote la vidonge. Ina mhuri na saini. Asubuhi ya Jumatatu, foleni imefika nje, nikaenda nayo kazini nikampa wifi mkononi, bosi amesimama pembeni.

"Soma. Kwa sauti ile ile uliyonitangazia."

Akasoma, sauti haivuki kaunta.

Alipomaliza nikasema, "Rudia. Wa nyuma kule hawajasikia."

Akarudia. Mzee mmoja mwenye kikapu akapiga makofi, sijui hata alikuwa anapigia nini. Bosi akasema tanuri langu linaningoja siku daktari atakayoniruhusu. Nikanunua mkate wangu mmoja, nikaondoka natembea polepole, mto kwapani. Huo utamu sitawadanganya, naukumbuka hadi leo.

Mama mkwe alipasuliwa wiki ile ile. Na aliporuhusiwa, nani alimuuguza? Mimi. Mume wangu aliogopa. "Mke wangu, una hakika? Najua moyo wako."

"Mlete," nikasema. "Nina deni naye."

Maana nilikuwa bado nina hasira naye, nisiwafiche. Wifi alinisema, sawa, hakujua. Huyu alijua! Alikaa kwenye kikao akasikia ninaitwa mlevi wa vidonge, na siku ile mlangoni alirudisha uji wangu jikoni, na akanyamaza. Hilo nililibeba.

Vidonge vyake vikali kumi nikavifungia kwenye kisanduku cha bati, ufunguo nikauvaa shingoni. Vya kawaida nikavipanga mezani, pembeni ya saa.

Saa kumi na mbili asubuhi. "Mama, amka. Saa imefika."

"Mwanangu, siumwi sasa."

"Ndiyo maana nakupa sasa. Meza."

Saa sita mchana, mama, meza. Saa kumi na mbili jioni, mama, meza, kisha tunatembea hadi getini na kurudi. Saa sita usiku namwashia taa usoni. Chingamu nilimtafunisha, mama wa watu ana meno tisa! Akitaka kukohoa namtupia mto. Akiniambia namba mbili huku kakunja uso, namwambia "mwongo," na hatuendelei mpaka aseme ya kweli. Mwanzoni ilimchukua dakika tano kuitoa. Wiki ya pili alikuwa ananiita mwenyewe toka chumbani, "Mwokaji! Nne!"

Mchana mmoja, amemeza vya saa sita, akanishika mkono.

"Hujaniuliza kwa nini nilinyamaza."

"Nakungoja useme."

"Kidonge chako cha kwanza kiliponipa usingizi, nililala mpaka asubuhi. Miaka mitatu sikuwa nimelala hivyo. Kesho yake nikarudi droo. Kisha ningesema nini? Nikisema nimeiba, wataniuliza unaumwa nini. Naumwa wapi, nimwambie mwanangu wa kiume? Nimwambie shemeji yangu, kikaoni?"

"Ungeniambia mimi. Mimi ambaye umenifulia damu yangu."

"Ndiyo." Akauachia mkono wangu, nikarudi kukunja shuka. "Vile ulivyobadilisha, nilijua."

Nikaacha kukunja shuka. "Ulijua nini?"

"Mwanangu, mimi nilishameza vinane vya kweli. Unadhani sijui ladha yake? Ijumaa nilimeza viwili, nikajua hivi sivyo. Nikajua umeshtuka, umetega."

"Sasa Jumamosi alfajiri ulimeza viwili vingine kwa nini?"

Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alinitazama usoni.

"Kusema nilishindwa," akasema. "Kukamatwa ningeweza."

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia kama mtoto.

Kwenye vidonge vyake kumi alitumia vitatu. Siku ya kliniki tulirudisha saba. Sista Saa akavimwaga kiganjani, akahesabu, akahesabu tena, akanitazama mimi na ufunguo wangu shingoni. "Hii ndiyo hesabu," akasema. Nikampa mkate niliomwokea. Chumvi niliweka ya kawaida.

Ndugu zangu, ninyi mnaosoma hapa na maumivu mmeyakalia upande upande kwenye kiti, mnasema ni uzee, ni kawaida ya wanawake, ni mwezi tu: semeni namba. Mwambieni hata mtu mmoja. Dawa ya mtu fungeni kwa ufunguo, na kisasi msikitie kwenye kichupa, maana hamjui ni nani atafungua.

Na wanaouliza kama mtu wa kinyongo kama mimi nilimsamehe mama mkwe hivi hivi tu, bila kulipiza, jibu ni hapana. Nililipiza. Kila baada ya saa sita, mwezi mzima, sikuruka hata mara moja.